Kuni za Safari Moja

Ubeti ule niliutunga mimi, Mahfoudh, na atakayesema niliuokota mahali aje tukae mbele ya watu, kila mmoja atunge wake. Niliusoma barazani kwa Ami Yaarub, hapa Darsait, siku ya kwanza ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu, wanaume wamekwisha kuchinja, wanakunywa kahawa, na mikono yao bado inanuka mbuzi:

Punda wapishe njiani, dereva bingwa yuaja,
Kuni zote za shimoni, zaja kwa safari moja,
Hazibaki mabondeni, kurudi hatuna haja,
Mwenye punda kaa chini, tule shuwa ukingoja.

Watu walicheka. Hata Marhoon, jirani yetu mwenye punda, ambaye ndiye aliyeambiwa akae chini, alicheka mpaka kahawa ikampalia. Marhoon ni mtu wa huku huku Maskati, lakini ujana wake aliumalizia Wete akichuma karafuu, na Kiswahili chake mpaka leo kina harufu ya Pemba.

"Ubeti mzuri," alisema alipopata pumzi. "Mzuri wallahi. Lakini mashairi hayaivishi nyama, Mahfoudh. Mwaka jana pia mlikuwa na mashairi."

Kicheko kikapungua upande wetu. Mwaka jana, sitini na tano, ndipo sisi tuliotoka Unguja tulipochimba shimo letu la shuwa kwa mara ya kwanza. Nyama ya shuwa hupakwa viungo ikalala, ikafungwa kwa majani ya mgomba, ikatiwa katika vifumba vya makuti, halafu ikatupwa shimoni juu ya makaa na kufukiwa mpaka kesho yake. Inatoka imeachana na mfupa yenyewe, bila kugombana. Sisi tulidhani moto ni moto. Kwetu tulipikia makumbi na vigogo vya mnazi. Tukauona mtende ni ndugu yake mnazi, tukajaza shimo magogo ya mtende. Yaliwaka kwa kelele nyingi, yakawa jivu. Tulipofukua, mbuzi alikuwa karibu ya kusimama akaondoka zake. Marhoon alituletea sinia la shuwa ya kwao, kalifunika kwa kitambaa safi, na hakusema neno. Ilikuwa heri angesema.

"Mwaka huu ni samri," alisema Ami Yaarub.

Samri ni mgunga wa mabonde ya huku, mti wa miba na nongwa, lakini makaa yake hulala macho mpaka asubuhi. Ami Yaarub ndiye mkubwa wetu, mwenye duka la mchele Mutrah, na ndiye mwenye pikapu. Pikapu hiyo dereva wa mwanzo aliiangusha bondeni. Ilikaa kwa fundi muda mrefu, na juzi tu ilirudi ikiwa na trela nyuma yake, trela ambalo fundi alilitengeneza kwa ekseli ya lori bovu. Dereva mpya alikuwa bado hajapatikana. Alikuwapo Sleyum tu.

Sleyum ni ndugu yangu, baba zetu ni ndugu. Unguja alikuwa akiendesha gari ndogo ya duka la baba yake, amevaa shati jeupe na mkono mmoja nje ya dirisha. Huku tangu tushuke Mutrah na masanduku yetu, amekuwa akibeba magunia ya mchele begani katika duka la Ami. Halalamiki. Lakini kila gari ikipita hunyamaza mpaka ipotee.

"Sikiliza, Sleyum," alisema Ami. "Kesho asubuhi kachukue kuni kwa Bakhit, kule mdomoni mwa bonde. Alasiri shimo liwashwe, Magharibi nyama iingie. Ikichelewa itaharibika, joto hili. Kuni zikifika na gari ikafika, ufunguo usinirejeshee, utakuwa dereva wangu. Zisipofika, nitampa Marhoon kazi zangu zote za kuni, na wewe utarudi kwenye magunia."

"Zitafika, Ami," alisema Sleyum. "Zote. Kwa safari moja."

"Mimi sikusema safari moja."

"Ubeti umesema," alijibu Sleyum, akaniangalia kama mtu aliyepewa upanga. Nami, kusema kweli, nilijisikia kama mfua panga.

*

Asubuhi tulitoka watatu. Wa tatu alikuwa Bi Hamdiya, shangazi yetu, dada yake Ami Yaarub, mtu wa mwili na wa maneno. Yeye ndiye aliyeipaka ile nyama viungo, na alisema hatomwachia tena mwanamume amchagulie kuni. Alikaa katikati. Mimi nilikaa mlangoni, nusu ndani na nusu kwa Mungu.

Kwenye uwanda wa Ruwi tukawakuta punda wa Marhoon wakienda polepole katika mstari, na yeye nyuma yao kavaa kilemba chake cha sikukuu. Sleyum alipiga honi. Punda wakatawanyika, mmoja akarusha teke, kilemba kikalala mchangani.

"Punda wapishe njianiii!" nilimwimbia dirishani.

"Nendeni!" alipiga kelele Marhoon, anakung'uta kilemba. "Njia ni hii hii moja! Tutaonana!"

"Mna adabu nyinyi?" alisema Bi Hamdiya, lakini midomo yake ilicheka ndani ya ukaya aliojitandia.

Bakhit alikuwa amezipanga kuni zake kando ya njia, rundo refu kama ukuta wa nyumba. Shangazi alishuka, akaokota vipande viwili, akavigonga.

"Hiki kinalia," alisema, akakitupa upande wa trela. Akagonga vingine. "Hiki kimenuna, bado kina maji. Mrejeshee mwenyewe."

Akaendelea hivyo, anagonga na kusikiliza, na Bakhit akimwangalia kwa heshima ya mtu anayeibiwa kwa haki.

Kupakia kulikuwa kwa Sleyum. Alikunja kanzu, akaifunga kiunoni, akasimama kama nahodha.

"Magogo mazito nyuma!" aliniamrisha. "Nyuma zaidi, Mahfoudh. Nyuma ya magurudumu."

"Kwa nini nyuma?"

"Yakhe, mimi nimewasimamia mahamali wa duka letu Darajani tangu nna miaka kumi. Gari la hamali lina magurudumu mawili na mikono miwili mbele. Ukiweka uzito mbele, mikono inamlemea, mgongo unamkatika. Ukiuweka nyuma kidogo, mikono inakuwa myepesi, hamali anakwenda anaimba. Na trela hili je? Si magurudumu mawili na mkono mbele? Ni lile lile."

Ilikuwa hoja, na mimi hoja nzuri huipenda hata isiponihusu. Tukaweka magogo manene nyuma, membamba mbele, na ndani ya pikapu yenyewe tukatia vijiti tu vya kuwashia, gari isichoke. Na kweli, kila tulivyozidisha nyuma, ndivyo matako ya pikapu yalivyonyanyuka, mpaka ikasimama kama bibi harusi aliyekatazwa kukaa.

"Unaona?" alisema Sleyum. "Haisikii kitu."

Bakhit alisogea, akasema kwa Kiarabu, pole pole, kama anayezungumza na mgonjwa, "Kijana, mti huu si mnazi. Gogo moja hili ni mtu mzima na mkewe. Chukua nusu, urudi."

"Zote," alisema Sleyum.

Rundo lilipita mbao za trela, likapita kimo cha mtu. Tukatupa kamba moja ya usumba juu yake, tukaivuta, tukaifunga.

"Sleyum mwanangu," alisema Shangazi, "kuni zimekipita kichwa changu."

"Kichwa chako ki chini, Shangazi."

"Ki chini, lakini nnajua kiko wapi. Chako leo sijui kiko wapi."

Mimi nikapanda juu kabisa, nyuma ya trela, nikae niangalie kisianguke kitu. Ilikuwa pia mahali pazuri pa kutungia.

*

Kati ya Ruwi na Darsait pana akaba, yaani njia inayopanda mlima upande mmoja na kuteremka wa pili, mawe matupu na changarawe. Tulipoanza kupanda, pikapu ilinguruma vizuri. Katikati ya mpando magurudumu yake ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, yanatema mawe, na gari haiendi.

Niliruka chini, nikatia mawe makubwa nyuma ya magurudumu ya trela. Shangazi naye alishuka, akasema hatokufa kwenye kiti. Alivyoshuka, mambo yakazidi: magurudumu yakazunguka kama pia ya mtoto.

"Ngoja," alisema Sleyum, anajipangusa jasho. "Shangazi, tafadhali, panda nyuma ya pikapu. Ukae pale juu ya vijiti."

"Mimi?"

"Magurudumu yapate kushika."

Bi Hamdiya alituangalia mmoja mmoja. "Nilidhani nimeletwa kuchagua kuni," alisema. "Kumbe mimi ndiye kuni." Lakini alipanda. Nilimpa bega langu, naye akalitumia lote. Alipokaa tu, magurudumu yakauma ardhi, na pikapu ikapanda mpaka juu, Shangazi kashika ukaya kwa mkono mmoja na ubavu wa gari kwa mkono wa pili, anasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya kumlaumu mtu.

Pale juu ilikuwa tufikiri. Hatukufikiri. Tuliona Darsait chini, mitende yake, na moshi wa mashimo ya watu wengine. Shangazi akarudi mbele kwenye kiti, mimi nikarudi juu ya rundo, na Sleyum akaiachia gari iteremke.

Mwanzo ilikuwa raha. Halafu nikahisi trela linatikisa mkia, kidogo, kama mbwa anayemjua mtu. Halafu zaidi. Likaenda kulia, likaenda kushoto, na kila linavyokwenda ndivyo linavyoivuta pikapu matako. Mara nikauona uso wa Shangazi kwenye dirisha la huku, mara nikamwona Sleyum kwenye dirisha la kule, na mimi ni mtu ambaye nilikuwa nyuma yao! Gogo moja likatoka chini ya kamba, likaenda zake bondeni. La pili likalifuata.

"Breki!" nilipiga kelele. "Breki, we Sleyum!"

Hakukamata breki. Baadaye aliniambia alizigusa mara moja, mkia ukazidi wazimu, akaziacha. Alitoa mguu kwenye mafuta, akaurudisha usukani katikati na kuukazia pale pale kwa mikono miwili, akaiacha gia ya kwanza iizuie gari yenyewe. Mwendo ukapungua, mkia ukapungua. Palipokuwa na kilima cha changarawe kando ya njia, akaipandisha pikapu juu yake taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Tukasimama.

Kisha mlango ukafunguka na sauti ya Shangazi ikatoka.

"Mahfoudh! U hai?"

"Nnaishi, Shangazi."

"Basi shuka. Kufia juu ya kuni ni mauti ya kuku."

*

Sleyum alitaka kwanza kuangalia pale trela linaposhikana na pikapu. Tukatia mawe mbele na nyuma ya magurudumu yote. Alikuwa mweupe usoni, na mikono yake ilikuwa na haraka.

"Kaa juu ya mkono wa trela," aliniambia. "Uukalie vizuri, nitoe pini niangalie."

Nikakaa. Yeye akaifungua ile pini, akaichomoa.

Sikujua kwamba mtu mwenye heshima zake anaweza kupaa. Mkono wa trela uliruka juu na mimi juu yake, nyuma ya trela ikaanguka chini kwa kishindo, na nikajikuta nimening'inia hewani, miguu inatafuta ardhi, mikono imekumbatia chuma. Kuni kadhaa zilibingirika nyuma. Sleyum alikuwa amekaa kitako na pini mkononi, kinywa wazi.

Shangazi alicheka. Alianza kwa heshima, kwa ukaya mdomoni. Halafu akauachia ukaya, akalishika jiwe, akacheka mpaka akakaa juu yake. "Mshairi kapaa!" alisema. "Ya Rabbi, nimeishi nikamwona mshairi kapaa! Soma basi, baba, uko mimbarini!"

"Nishusheni," nilisema.

"Kwa mizani na vina!"

Sleyum hakucheka. Alikuwa akiuangalia ule mkono ulivyosimama mbinguni, na mimi juu yake kama si kitu. Akausogelea, akauvuta chini pamoja na mimi, akauachia. Ukapanda tena, pamoja na mimi.

"Ni mwepesi," alisema.

"Si ndivyo ulivyotaka?" alisema Shangazi, anajifuta machozi. "Usimkate hamali mgongo. Sasa niambie, baba: pikapu ilikulalamikia mgongo lini? Ilikwambia inaumwa wapi?"

Sleyum aliushika tena ule mkono. Nikaona maneno yanaingia ndani yake na kukaa, moja baada ya moja.

"Haina mgongo," alisema mwisho. "Hamali anataka mikono myepesi kwa sababu yeye mwenyewe ndiye anayeibeba. Gari inataka kulemewa. Ule mzigo wa nyuma ulikuwa ukiinyanyua pikapu, ndiyo magurudumu yakakosa kushika. Wewe ulipokaa pale nyuma, Shangazi, yalishika. Ulikuwa unaikandamiza."

"Alhamdulillahi nimefaa."

"Na kwenye mteremko, uzito uko mkiani, mkia ndio unaoiongoza gari. Mimi nilikuwa nimeshika usukani wa kitu kinachoendeshwa kwa nyuma." Akanigeukia. "Tunashusha zote. Tunapakia upya, mazito mbele ya magurudumu na juu yake, mepesi nyuma. Na hazipandi zote. Nusu zitabaki hapa."

Wakati huo alikuwa kesha kunishusha, na fahari yangu ilikuwa imerudi mahali pake.

"Nusu zitabaki?" nilisema. "Na ubeti?"

"Ubeti gani?"

"'Zaja kwa safari moja.' Watu wote wameusikia. Marhoon kausikia. Tukifika na nusu, tutasemwa mpaka sikukuu ijayo. Zipange vizuri tu, zitakwenda."

"Badilisha mstari. Sema mbili."

"Hujui usemalo! Moja, yuaja, haja, ukingoja. Ukitia mbili, vina vyote vinavunjika!"

"Bora vivunjike vina," alisema Bi Hamdiya, "kuliko shingo."

Niliapa sitamjibu, kwa kuwa ni shangazi yangu. Nilimwangalia Sleyum. Alijua vizuri kuliko mimi kinachomngoja Darsait: Ami hapendi mtu anayesema jambo akafanya jingine, na yale magunia yako pale pale dukani. Jua lilikuwa limeshasogea. Aliliangalia, akaliangalia rundo, akaushika upande wa trela uliobandukwa mbao na yale magogo yaliyokimbia.

"Nusu," alisema, akaanza kushusha.

*

Tulikuwa tumeinama, tumejaa miba, Marhoon alipotokea juu ya akaba na punda wake, kila mmoja na mzigo wake pande mbili, sawasawa, wanateremka wanakanyaga pale pale alipokanyaga wa mbele. Walitufikia. Hakuna punda aliyetutazama.

Marhoon alisimama. Aliitazama njia, na mistari ya magurudumu yetu iliyokwenda huku na huku kama maandishi ya mtu mlevi.

"Niwapigie honi?" aliuliza.

Tukaendelea kushusha.

"Maana sina honi. Nina huyu." Akamkuna punda shingoni. "Huyu akipiga mtasikia."

"Marhoon," alisema Sleyum, akajinyoosha, "nusu ya kuni nnaziacha hapa. Nitarudi. Hakuna ubaya ukizitupia jicho ukiwa unapumzisha punda?"

Nilitaka kutoweka. Marhoon ndiye aliyekuwa akingojea kazi ile, na huyu anamwomba amlindie kuni! Marhoon naye hakulitarajia. Alikuna ndevu.

"Mimi sina haraka," alisema. "Watu wa huku kuni za Mfunguo Tatu tunazikusanya tangu Shaabani, hizi zangu za akiba tu. Nitakaa. Lakini ulinzi una ujira." Akanielekezea fimbo. "Huyu atunge ubeti wa kuwasifu punda. Si kuwatukana, kuwasifu. Na ausome mbele yao."

"Situngi kwa kuamrishwa," nilisema.

"Atatunga," alisema Shangazi.

Tukapakia upya. Magogo manene tuliyalaza chini, yamebanana, mengi mbele ya ekseli kidogo na mengine juu yake. Membamba yakaenda nyuma, na hakuna kilichopita mbao za ubavu. Nyuma ya pikapu tukaweka magogo machache pale alipokuwa amekaa Shangazi, ambaye alisema amefurahi kupata naibu. Kamba tulizipitisha mbili, zikakatana juu kama mkufu wa begani, na Sleyum akazivuta, mguu kaukazia ubavuni mwa trela. Mkono wa trela ulipokuwa chini, ilibidi tuunyanyue wawili kuutia mahali pake. Akatia pini, akaufunga na mnyororo chini yake, pini ikikatika mnyororo ushike. Halafu akazunguka gari yote, anayapiga matairi teke na kuyasikiliza, kama Shangazi na kuni zake.

Pikapu ilikuwa imekaa chini, imetulia. Haikufanana tena na bibi harusi. Ilifanana na mama wa bibi harusi.

Tulishuka kwa gia ya kwanza tangu pale mpaka chini. Nilikaa mlangoni, na nilishika mlango kwa mikono yote miwili, lakini trela lilitufuata kama deni la halali. Tuliponyooka, lilinyooka. Tulipokata kona, lilikata nyuma yetu, si mbele yetu.

"Imba kitu," aliniambia Shangazi.

"Nnafikiri."

"Hata hilo ni badiliko."

*

Alasiri ilikuwa imeadhiniwa tulipoingia Darsait. Watu walikuwa wamelizunguka shimo, na vifumba vya nyama vimepangwa kivulini, na nzi wameanza kuvijua. Zikaanza shangwe, halafu watu wakaliona trela, na shangwe zikawa za heshima tu.

Ami Yaarub alitoka barazani na bakora yake.

"Hizi zinatosha kuwasha?" alimwuliza dada yake.

"Kuwasha zinatosha," alisema Bi Hamdiya, anateremka. "Kuivisha hazitoshi. Nusu ziko akaba." Kisha akashika njia kwenda kwenye nyama yake. Angeweza kusema mengi, na alijua tunajua angeweza.

Kuni zilitupwa shimoni, moto ukatiwa. Ami alimgeukia Sleyum. Watu wakanyamaza vizuri kabisa, kama wanyamazavyo watu wanaotaka kusikia.

"Ulisema safari moja."

"Nilisema, Ami."

"Na nusu ziko akaba."

"Nilizipakia zote. Nilizipakia vibaya, na zilizidi. Trela likanitikisia mkia kwenye mteremko, nikakaribia kukuulia dada yako na huyu. Nikazishusha."

"Nani alikwambia uzishushe? Hamdiya?"

Nikamwangalia Sleyum. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Kumtii shangazi si aibu kwa mtu.

"Mimi mwenyewe," alisema.

Ami alilizunguka trela. Aliinama kwa shida, akauangalia mnyororo, akaisukuma pini kwa bakora. Alipoinuka, hakumtazama Sleyum. Aliwatazama watu wa barazani.

"Dereva wangu wa mwanzo," alisema, "alikuwa akileta kila kitu kwa safari moja. Hakuacha hata gunia njiani. Siku moja gari yenyewe nikaletewa kwa safari tatu." Akangoja wamalize kucheka. "Sleyum, unafanya nini hapa? Makaa haya hayatongoja. Nenda kalete zilobaki."

Sleyum alikuwa na ufunguo mkononi, kanyoosha mkono kama anayeurejesha.

"Huo tia mfukoni," alisema Ami. "Mimi sina mfuko wa ufunguo wa dereva."

Sleyum alirudi kwenye pikapu karibu ya kukimbia, halafu akakumbuka kwamba madereva hawakimbii, akatembea.

Marhoon tulimkuta amelala juu ya rundo letu, kilemba usoni, na punda wanakula kando. Tulipakia kama tulivyojifunza. Kabla Sleyum hajaiamini ile pini, alinitazama, nami nikaenda kuukalia mkono wa trela bila kuambiwa. Haukunyanyuka. Nikasema moyoni kwamba ni kwa sababu ya uzito wangu.

"Ujira," alisema Marhoon, bila kuondoa kilemba.

Ulikuwa tayari. Nilikuwa nimeumaliza njiani, na ningekuwa muongo nikisema ni mbaya. Nikasimama mbele ya wale punda, nikakohoa, nikasoma:

Punda nakiri moyoni, mwendo wenu wa akili,
Hamjazi mgongoni, zaidi ya yenu hali,
Kuni zetu za shimoni, zaja kwa safari mbili,
Na vina vyangu njiani, vimepatwa na ajali.

Sleyum aliegemea mlango wa pikapu, anazungusha ufunguo kidoleni, mkono mmoja ndani ya dirisha na mmoja nje, kama zamani. Marhoon alikaa. Alitikisa kichwa mara nyingi, kwa kuridhika.

"Mzuri," alisema. "Huo ndio ubeti. Sasa usome tena kwa sauti. Yule wa nyuma hakusikia."